Nianzie MCA ama nitajishusha? Miaka minane ya Obama kule Springfield

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni wakili, mwaka wa nne sasa tangu niapishwe, niko Kisumu. Nataka kugombea MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, 2027 lakini mzee wangu amekataa kabisa, anasema wakili mzima hawezi kwenda kukaa bunge la kaunti kupitisha bajeti ya mitaro, ningoje nikomae nigombee ubunge. Nikamwambia hata Obama alianza chini, akacheka, akasema Obama alitoka Harvard akaenda Ikulu. Nani ako na ukweli hapa? Na huo uwakili ulimsaidia aje?

Wakili, kwanza mpe mzee salamu zangu, alafu umwambie kwa heshima zote kwamba hapo kwa Obama amepotea njia. Jamaa alimaliza Harvard 1991, akaingia Ikulu ya Marekani Januari 2009, katikati hapo kuna miaka 17 na ushee, na karibu minane kati ya hiyo alikua seneta wa jimbo. Si seneta wa Washington, hiyo ilikuja mwishoni na haikufika hata miaka minne, nasema seneta wa jimbo la Illinois, kazi yake iko Springfield, mji mdogo tu, ukitoka Chicago unashuka na barabara kilomita kama 320, karibu sawa na Nairobi mpaka hapo kwenu, ila toa Rift Valley, toa milima yote, weka mahindi kushoto na mahindi kulia masaa matatu na kitu mpaka usingizi ukubebe. Nimeipita hiyo njia mara mbili nikiwa mwanafunzi huko na mara zote mbili nilijiuliza huyu mtu wa Harvard alikua anawaza nini akiendesha gari hapa wiki baada ya wiki kwenda kushindwa kura. Sisi watu wa huku tunajua Kogelo, tunajua 2008, tunajua alipokuja 2015 barabara zikafungwa, hii ya katikati hakuna anayeiuliza, ndo maana nimefurahia swali lako na nitalijibu kirefu, weka chai karibu.

Kitu cha kuelewa kabla hatujaenda mbali. Jimbo la Marekani si kaunti. Lina gavana wake, mahakama zake, sheria zake za jinai, yaani ukiua mtu Chicago unashtakiwa kwa sheria iliyoandikwa Springfield, na wakati huo Illinois bado ilikua na hukumu ya kifo. Bunge lao lina nyumba mbili, maseneta 59 na wawakilishi 118, na seneta mmoja anabeba watu kama laki mbili. Kwa hivyo kwa nguvu ni kubwa kuliko MCA. Lakini kwa heshima ya mtaani ni ileile tu, hakuna anayekujua. Simamisha watu kumi barabarani Chicago uwaulize seneta wao wa jimbo ni nani, wengi watakutajia yule wa Washington. Tena ni kazi ya msimu, bunge linakaa hasa Januari mpaka Mei, mshahara hautoshi, wengi wako na kazi nyingine, mkulima, wakala wa bima, wakili. Obama alibaki na zote mbili, kampuni ya mawakili na kufundisha katiba Chuo Kikuu cha Chicago, akikimbia katikati.

Sasa uwakili wenyewe. Alifika Chicago 1985 akiwa hajasoma sheria bado, ameajiriwa kuunganisha watu wa mitaa ya kusini, mahali kama Altgeld Gardens, nyumba za serikali zilizozungukwa na viwanda na majaa ya taka, akahangaika na wamama wa mtaa wakidai asbesto iondolewe kwa nyumba zao. Akaona mwisho wa ile kazi, unapiga kelele ofisini kwa mtu lakini yule mtu ndo ameshika kalamu. Akaenda Harvard 1988, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jarida lao la sheria mwaka 1990, magazeti yakaandika, na hapo angeweza kuingia kampuni yoyote kubwa anayotaka na mshahara wa kutisha. Akarudi Chicago, 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura, watu zaidi ya laki moja, alafu ndo akaingia kampuni ndogo ya mawakili kama kumi na wawili hivi, Davis Miner, watu wa kesi za haki za raia.

Mzee atauliza, alishinda kesi gani kubwa? Hakuna ile ya sinema. Hakua wakili wa kusimama kortini akipiga meza. Alikua mtu wa kuandika hoja, kesi za haki ya kupiga kura, za watu waliobaguliwa kazini, na 1995 alikua kwa ile kesi ya kulazimisha jimbo la Illinois lifuate sheria mpya ya nchi nzima iliyosema mtu akienda kuchukua leseni ya gari aweze kujiandikisha kupiga kura hapohapo, gavana alikua anakataa. Wakili wa karatasi. Shika hilo neno karatasi kwa sababu ndo lilimpa kiti.

Ilikua hivi. Mwaka 1995 seneta wa jimbo wa eneo lake, mama mmoja anaitwa Alice Palmer, mtu wa heshima sana mitaa ile, aliamua kugombea kiti cha bungeni Washington kilichokua kimeachwa wazi. Akamwachia Obama kiti cha Springfield, akamtambulisha kwa watu wake, Septemba hiyo Obama akatangaza. Novemba Palmer akashindwa ule mchujo, alichukua Jesse Jackson Junior, na kwa hiyo mbio alikuwemo pia mzee mmoja anaitwa Emil Jones ambaye naye alishindwa, mkumbuke huyo tutarudi kwake. Basi Palmer kupoteza, wafuasi wake wakaja kwa Obama, kijana, mama amerudi, mpishe. Wewe ni wa huku unajua hayo mazungumzo yanavyoendaga, wazee wanakuita kando, unaambiwa muda wako utafika. Obama akakataa. Akasema alishatangaza, ana watu, ana ofisi.

Palmer akaharakisha kukusanya sahihi. Sheria ilitaka sahihi 757 za wapiga kura wa eneo hilo ili jina liingie kwa karatasi ya kura, yeye akaleta zaidi ya 1,500, mara mbili. Ungedhani imeisha. Siku moja baada ya mwaka mpya 1996 watu wa Obama wakaingia ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, chumba kikavu kabisa, wakakaa chini na fomu zile wakaanza kupitia sahihi moja moja. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi, piga mstari. Huyu anaishi barabara ya pili nje ya eneo, piga mstari. Huyu hayuko kwa daftari, na daftari lilikua limefagiliwa mwaka uliotangulia kwa hivyo maelfu ya majina yalikua yameondolewa na wenyewe hata hawajui. Aliyezungusha fomu mwenyewe hajajiandikisha, ukurasa mzima unaenda. Palmer akaona hesabu inavyoenda akajitoa. Na hakua peke yake, kulikua na wagombea wengine watatu kwa ule mchujo, wote wakakaguliwa hivyohivyo, mmoja alileta sahihi 1,899, zikapingwa 1,211, akabaki amepungukiwa na 69. Ikafika Machi Obama yuko peke yake kwa karatasi.

Hapo watu hugawanyika. Kuna wanaosema ni unafiki, mtu aliyeandikisha maelfu kupiga kura alafu anawanyima chaguo kwa sababu ya anwani na mwandiko. Kuna wanaosema sheria ni sheria, kama huwezi kupata watu 757 halali utaongoza aje. Mimi nikiulizwa nasema yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na Palmer hakumsamehe, mwaka 2008 alimpigia kampeni Hillary Clinton. Lakini kwa swali lako, uwakili ulimsaidia aje, anzia hapo. Si ufasaha uliompa kiti. Alisoma masharti ya fomu ambayo wenzake waliyachukulia ni ya makarani.

Alafu akaapishwa Januari 1997 na uwakili ukaanza kumuumiza. Chama chake cha Democratic kilikua upande wa wachache seneti, na kule upande wa wachache ni wachache kweli. Kuna Kamati ya Kanuni, kila mswada unapita hapo kwanza, na rais wa seneti, wakati huo Mrepublican mmoja mkali anaitwa Pate Philip, ndo anaamua upi utoke upi ubaki. Mswada wako haukataliwi hata, unalazwa tu. Hakuna mjadala, hakuna kura, unaamka Mei bunge linafungwa na karatasi yako iko palepale ilipolala Februari. Jamaa aliingia na miswada mingi mwaka wa kwanza kama mwanafunzi aliyefanya homwaki yote, akaona ikifa mmoja baada ya mwingine. Na tabia yake ya kuhoji bungeni kama jaji wa rufaa iliwaudhi wenzake, hasa maseneta weusi wenzake kutoka Chicago, Rickey Hendon na Donne Trotter, walimchekelea wazi kwa Harvard yake, kwa jina lake, kwa kuishi Hyde Park karibu na chuo. Hendon huyo mwaka 2002 nusura wapigane ngumi hapohapo bungeni, sababu ni kura ya kupunguza pesa iliyogusa eneo la Hendon, Obama alipiga kura ya kukata, alafu dakika chache baadaye akasimama kulalamika pesa zinakatwa mahali pengine, Hendon akamwendea na wenzao wakawatenganisha.

Kilichomwokoa ni pokeri. Sikutanii. Seneta mmoja anaitwa Terry Link, Mdemocrat mwenzake aliyeingia naye mwaka uleule, alikua na nyumba Springfield, usiku wanakutana jikoni kwake, maseneta wa mashambani, Warepublican wachache, hata wale watu wa kulobi, wanaolipwa kushawishi wabunge, wanacheza karata kwa dola moja moja, bia na sigara. Obama akawa hakosi. Link amesimulia mara nyingi kwamba jamaa alikua mchezaji mwangalifu wa kuudhi, akiona karata mbaya anaziweka chini, hapigi mkwara ovyo. Wengine walikua wazee wa mji mdogo ambao maishani mwao hawajawahi kukaa meza moja na mtu wa Harvard, na hapo ndo alijifunza kitu ambacho darasani hawafundishi, kwamba seneta wa mashambani hakatai mswada wako kwa sababu hoja yako ni dhaifu. Anakataa kwa sababu sherifu wa kwao atampigia simu Jumamosi. Ukijua sherifu anataka nini, mswada umepona.

Mwaka 1998 akapata nafasi ya kwanza, na aliipata kwa kupewa kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Illinois wakati huo mbunge angeweza kuchukua pesa za kampeni akanunua gari lake binafsi, kihalali kabisa, na zawadi za watu wa kulobi zilikua mvua. Ikatakiwa sheria ya maadili, Emil Jones, huyo mzee niliyekwambia, ambaye ndiye alikua kiongozi wa wachache seneti, akamtupia Obama hiyo kazi. Hebu fikiria wewe ni mgeni, mwaka wa pili, unawaambia wenzako kwenye kokasi, kikao cha ndani cha chama, waache kula. Walimfokea. Akashirikiana na Mrepublican Kirk Dillard, wakakubali kuacha mambo fulani, kwa mfano pesa ambazo mtu alikua amezikusanya kabla sheria haijaanza waliziachia wenyewe, la sivyo isingepita, na ikapita kwa 52 dhidi ya 4. Inaitwa sheria kubwa ya kwanza ya maadili kule baada ya miaka kama 25. Sasa usije ukaniambia ilisafisha Illinois, gavana George Ryan alihukumiwa kwa ufisadi 2006, na Rod Blagojevich aliyemfuata akahukumiwa miaka 14 kwa makosa yakiwemo ya kujaribu kuuza kiti cha seneti cha Obama mwenyewe. Unaona mazingira ya kazi yalivyokua.

Kitu kimoja wapinzani walimtandika nacho baadaye ni kura za "nipo". Kule mezani una vitufe vitatu, ndiyo, hapana, na nipo. Alibonyeza nipo karibu mara 130 kati ya kura kama elfu nne. Ukisikia hivyo unasema mwoga. Lakini angalia hesabu, mswada unahitaji ndiyo 30 kati ya 59 kupita, kwa hivyo nipo inafanya kazi ileile ya hapana, tofauti ni kwamba kwa tangazo la kampeni hawawezi kusema ulipiga hapana. Nyingine zilikua mbinu ya pamoja na wenzake, hasa miswada ya uavyaji mimba, nyingine zilikua za kikatiba kweli, mwalimu wa katiba anaona mswada una nia nzuri lakini umeandikwa vibaya. Na nyingine, acha tuseme ukweli, zilikua kujikinga tu.

Alafu akaharakisha, akaanguka. Mwaka 1999 aliamua kumtoa Bobby Rush, mbunge wa Washington, mtu wa mtaa kabisa, zamani alikua Black Panther, lile kundi la wanaharakati weusi, amekaa kiti hicho tangu 1993. Hakuna aliyemwomba. Oktoba hiyo mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, mji mzima ukahuzunika naye, kampeni ikawa haina mdomo. Desemba Obama akaenda Hawaii kwa nyanya yake kama kawaida ya Krismasi, gavana akaita bunge kikao cha ghafla kuhusu mswada wa bunduki, mtoto wake Malia, hana hata miaka miwili, akashikwa na homa, wakakosa ndege, mswada ukaanguka kwa kura chache na magazeti yakamwandika yuko likizo ufukweni. Machi 2000 Rush akamchapa 61 kwa 30. Miezi michache baadaye akaenda Los Angeles kwa mkutano mkuu wa chama, kufika kaunta ya kukodi gari, kadi yake ikakataa. Amesimulia mwenyewe. Hata kuingia ukumbini hakupata kibali cha maana, akarudi nyumbani mapema. Umri miaka 39, wakili wa Harvard, mwalimu wa chuo kikuu, anadaiwa, na mke amechoka na siasa. Mwonyeshe mzee hapo.

Kilichobadilisha mambo baada ya hapo hakikua hotuba wala kitabu. Ni ramani. Kila miaka kumi baada ya sensa majimbo yanachora upya maeneo ya uwakilishi, na Illinois vyama vikishindwa kukubaliana jina linachomolewa kwa bahati nasibu, chama kitakachopata jina kinachora. Mwaka 2001 liliangukia Wademocrat. Obama alikua ameshakaa chumbani Springfield na mchoraji wa chama, mbele ya kompyuta, wakisogeza mipaka. Eneo lake la zamani lilienda magharibi kuingia mitaa ya watu weusi maskini kama Englewood, hili jipya likapanda kaskazini kando ya ziwa mpaka katikati ya mji na mitaa ya matajiri, majumba marefu, wachangiaji wa pesa, wahariri wa magazeti, mashoga walioanza kuwa na sauti, Wayahudi wa mrengo wa kushoto. Yaani alibadilishiwa waajiri. Mwaka uliofuata, Oktoba 2, 2002, aliposimama uwanja wa Federal Plaza, Chicago, kupinga vita vya Iraq, akasema hapingi vita vyote bali vita vya kijinga, waliomwalika walikua watu wa hilo eneo jipya, na hiyo hotuba unajua ilikuja kumfikisha wapi.

Ramani ileile iliwapa Wademocrat seneti Novemba 2002, na Januari 2003 Emil Jones akawa rais wa seneti. Huyu mzee zamani alikua mkaguzi wa mitaro ya maji taka ya Chicago, mwambie baba yako hiyo ya mitaro. Jones anapenda kusimulia kwamba Obama alimwendea akamwambia sasa una nguvu nyingi, una nguvu ya kumfanya mtu seneta wa Marekani, Jones akauliza unamfikiria nani, akajibu mimi. Mzee akacheka akakubali. Na kutoka hapo miswada ikaanza kutiririka kwake, mingine ilikua imepikwa na wenzake kwa miaka, Jones anaiweka jina la Obama, waliolima wakalalamika sana na walikua na haki ya kulalamika. Kwa mwaka huo mmoja alipitisha mingi sana.

Mmoja lakini alitoka jasho lake, na nataka uuangalie kwa makini kwa sababu ndo mahali wakili na mwanasiasa walikutana. Illinois ilikua na aibu kubwa. Kufikia Januari 2000, tangu hukumu ya kifo irudishwe, walikua wameua watu 12 na wakagundua 13 waliokua wakingoja kuuawa hawana hatia. Kusini mwa Chicago kamanda mmoja wa polisi, Jon Burge, na watu wake walitesa watuhumiwa kwa miaka, umeme, mifuko ya plastiki kichwani, mpaka wakiri. Gavana Ryan akasimamisha mauaji yote, akaunda tume, tume ikaja na mapendekezo 85, moja likiwa kurekodi mahojiano ya polisi kwa kesi za mauaji. Kabla hajaondoka 2003 akafuta hukumu za kifo za watu zaidi ya 150.

Polisi hawakutaka kusikia. Waendesha mashtaka hawakutaka. Gavana mpya Blagojevich alikua ameshasema anapinga. Na upande wa pili watu wa haki za raia walitaka kila kitu, kila kesi, mara moja. Obama akawaweka chumba kimoja, wiki na wiki, hakuanza na hukumu ya kifo wala ubaguzi, alianza na swali la polisi mwenyewe: mtuhumiwa akisimama kortini akadai ulimpiga, utajitetea na nini? Kanda inamkamata muuaji na inamlinda polisi mwaminifu. Alafu akaanza kuuza na kununua. Polisi wa vijijini wanasema hatuna kamera, sawa, sauti peke yake inatosha. Wanasema hatuna pesa wala mafunzo, sawa, sheria itaanza baada ya miaka miwili. Wanasema je mtu akiropoka kwa gari kabla ya kufika kituoni, sawa, inahusu mahojiano ya kituoni. Lakini kiini hakukiachia, na kiini ni cha kiwakili kabisa: maneno ya mtuhumiwa wa mauaji yasiporekodiwa yanachukuliwa hayakubaliki mahakamani, mpaka upande wa mashtaka uonyeshe sababu. Hakuna faini, hakuna polisi anayefungwa. Ni kanuni ya ushahidi tu, na polisi anayetaka kushinda kesi atawasha mashine mwenyewe. Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga, Blagojevich akatia sahihi Julai 2003, Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo akapitisha nyingine ya polisi kuandika asili ya kila dereva wanayemsimamisha, mweusi, mweupe na kadhalika, kwa mbinu ileile.

Mwaka 2004 wala sitakaa nao, unaujua. Machi alishinda mchujo wa seneti ya Marekani kwa asilimia 53 kati ya wagombea saba, tajiri mmoja alimwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe, mambo ya talaka yake yakatoka, akaporomoka. Ila mwambie mzee hivi: tarehe 27 Julai 2004, usiku ule alipohutubia mkutano mkuu wa chama Boston, dunia nzima inauliza huyu ni nani, aliyekua jukwaani alikua bado seneta wa jimbo, na alijiuzulu Springfield Novemba 4 baada ya kushinda. Kiti chake akapewa wakili mwingine, Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, akakaa hapo miaka 14 na tangu 2019 ndiye mwanasheria mkuu wa Illinois. Na huko nyuma kabisa Lincoln, wakili wa Springfield hiyohiyo, alikaa bunge la jimbo miaka minane, 1834 mpaka 1842. Kwa hivyo kiti cha chini si ajabu ya Obama peke yake.

Sasa wewe. Sikwambii kiti cha MCA kitakufikisha popote, wengi hakiwafikishi. Nakwambia kwamba kama unaenda kwa sababu ya kupanda tu, utaboeka mwaka wa kwanza ukiona hoja zako zinalala, kule wengi wao hawatashawishiwa na Kiingereza chako cha korti. Nenda kama kuna kitu kimoja unachotaka kukiandika kikawa sheria ya kaunti, soko, maji, vibali vya wavuvi, chochote, na uanze sasa kujua nani atakipinga na anaogopa simu ya nani. Usifunge ofisi yako ya uwakili, Obama mwenyewe aliponea hapo mwaka 2000.

Na ukikosa tiketi ya chama ukaamua kwenda huru, katiba yetu kifungu cha 193 inakutaka uungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa wadi hiyohiyo. Usiridhike na 500, wala na 1,500, Palmer alikua nazo hizo. Chukua daftari la wapiga kura, kaa chini usiku kabla hujapeleka, zipitie mwenyewe jina kwa jina na namba ya kitambulisho, kabla wakili wa mpinzani wako hajakupitishia.